Jina la Mtendaji na Haki ya Anayemsema

Ujumbe wenyewe huwa mfupi: "Mtendaji kala hela ya zahanati." Unatumwa saa mbili usiku kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na kabla jogoo hajawika umeshawafikia wana wa kijiji walioko Dar es Salaam, Arusha na Mombasa, ambao mara nyingi ndio waliochangia zahanati hiyo. Mtendaji anaamka akiwa mwizi. Hakuna aliyemuuliza kitu, na akipita kituo cha bodaboda vijana wanazima mazungumzo.

Makala haya ni kwa ajili yake na wenzake: watendaji wa vijiji na kata, wenyeviti waliochaguliwa Novemba 2024, madiwani, walimu wakuu, viongozi wa skimu ya mpunga ya Ndungu wilayani Same, hata wazee wanaosimamia zamu za maji kwenye ndiva, mabwawa ya umwagiliaji, huko milima ya Upare. Ni kwa ajili pia ya aliyeutuma ujumbe ule. Naye ana haki zake, na kama nitakavyoeleza, kiongozi anayezipuuza haki hizo huwa anaiharibu kesi yake mwenyewe.

Wapo wanaosema kiongozi ni jalala, kila mwenye taka aje amwage. Sheria haisemi hivyo. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake. Ibara ya 30 inaruhusu kutungwa sheria za kulinda sifa na haki za watu wengine. Na ibara ya 13(6)(a) inadai kwamba pale haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, asikilizwe kwa ukamilifu na apewe nafasi ya kukata rufaa. Mtendaji ni mtu. Hakuvua ubinadamu alipoapishwa.

Hata hivyo anatakiwa kuvumilia zaidi ya jirani yake. Hukumu ninayopenda kuwakumbusha viongozi ilitolewa hapa karibu, Arusha, tarehe 5 Desemba 2014, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwandishi Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso alikuwa amechapisha katika gazeti lake, L'Ouragan, makala yaliyomtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali. Alifungwa miezi 12, akatozwa faini na fidia, na gazeti likafungiwa miezi sita. Majaji wa Arusha hawakusema kwamba mwendesha mashtaka hana haki ya jina. Walisema kumfunga mtu kwa kashfa ya namna ile kumepita kiasi, na kwamba mwenye madaraka ya umma hana budi kustahimili ukosoaji mkali kuliko raia wa kawaida.

Anayepangiwa kazi Same ayajue hayo mapema, maana watu wa Upare hawakuanza jana kuuliza habari za fedha. Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani hadi bomani Same kupinga mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Swali lao kubwa lilikuwa jepesi: nani amekadiria, na kwa kipimo gani? Wajukuu wao wanauliza hivyo hivyo kuhusu mchango wa maabara, ushuru wa tangawizi na pesa ya bomba. Ukikasirika kila unapoulizwa, utakuwa na hasira kipindi chote cha uongozi wako.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kumpigia wakili simu, ni kuchambua ulichosemwa. "Mtendaji wetu ni mvivu na hajui kazi" ni maoni. Yanauma, lakini anayeyasema kwa imani yake, juu ya jambo la umma, analindwa. "Mtendaji ana roho mbaya" ni matusi ya kawaida, na mahakama haipendi kupoteza muda nayo. "Mtendaji alichukua mifuko 20 ya saruji ya shule akajengea kwake" ni dai la jambo lililotokea au halikutokea. Linaweza kuthibitishwa. Linakuhusisha na wizi. Hapo ndipo sheria ya kashfa inapoanza kazi. Jiulize pia swali ambalo wengi hulikwepa: je, ni kweli? Ukweli ni kinga kamili ya mdaiwa katika kesi ya madai. Nimewasikia watu wakisema "hata kama ni kweli, hakupaswa kunitangaza". Wakili mwaminifu atakwambia urudi nyumbani.

Ukiridhika kwamba umesingiziwa, anza kukusanya siku hiyo hiyo. Maneno yenyewe ndiyo moyo wa kesi. Hati ya madai isiyoyaweka maneno kama yalivyotamkwa, ikabaki kusema "alinikashifu mbele za watu", ina hatari ya kuanguka mlangoni. Kama yalisemwa Kipare kwenye msiba kule Mbaga au mnadani, yaandikwe kwa Kipare neno kwa neno, kisha tafsiri yake ya Kiswahili ifuate. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo huna sababu ya kuyapitisha maneno ya shangazi yako kwenye Kiingereza cha wakili, yakatoka mengine. Andika tarehe, mahali, nani alikuwepo, nani alisikia.

Kama yaliandikwa kwenye simu, usitegemee picha ya skrini peke yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa namna hiyo, lakini mahakama itataka kujua ulitoka kwenye simu ya nani, ulihifadhiwaje, na nani anauapia kwamba haukuchezewa. Hifadhi simu yenyewe. Usifute kundi kwa hasira. Aliyeuchapa ujumbe kwenye karatasi ale kiapo cha maandishi kueleza alivyoupata. Hili linawaangusha wengi, na si kwa sababu ni gumu. Hawakuambiwa tu.

Halafu tafuta watu. Jina lako haliko kwako; liko kwa wengine. Wewe mwenyewe kusimama kizimbani ukalia kwamba umeaibika hakutoshi. Hakimu anataka mtu wa tatu aseme: nilisoma, nikaelewa anasemwa yeye, na tangu hapo nilimwona mwizi, nikakataa kumkabidhi fedha za kikundi. Ni jambo gumu kwa shahidi kulisema mbele yako, ndiyo maana watu hujaza mashahidi wa kusema "yeye ni mtu mwema". Hao ni wa ziada.

Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3. Usiuchukulie kuwa mrefu. Mashahidi huhama, simu huibiwa, na mtu aliyekaa miaka 2 na nusu kimya ana kazi ya kueleza aliumia namna gani.

Sasa yale ya kutofanya, na hapa naomba nivumiliwe niseme kwa urefu, kwa sababu ndipo viongozi wengi wenye madai halali huyapoteza. La kwanza ni saa 48. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani, lakini kwa mazingira maalumu ya kulinda amani, kwa sababu zilizoandikwa, na mtu huyo afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48 au aachiwe. Sheria hiyo hiyo inayahesabu matumizi mabaya ya uwezo huo kuwa kosa. Haikutungwa kwa ajili ya diwani aliyeitwa mwongo kwenye mkutano Hedaru. Anayempigia mkuu wa wilaya simu ili "huyo kijana akalale ndani kidogo ajifunze" amejigeuza kutoka mlalamikaji kuwa mtuhumiwa. Kesi ikifika mahakamani, wakili wa kijana ataanza na usiku ule wa mahabusu, na hakimu atasahau saruji.

La pili ni kukimbilia jinai. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilipoanza, kashfa ilikuwa kosa la jinai ndani yake. Machi 28, 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo yenye makao Arusha, ilisema vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vya kashfa vikiwemo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge likafanya marekebisho na kashfa ikaondolewa kwenye orodha ya makosa ya jinai ya sheria hiyo. Kenya walishatangulia: Februari 2017 Mahakama Kuu Nairobi ilitangaza kifungu cha jinai ya kashfa katika kanuni yao ya adhabu kuwa kinyume cha katiba.

Bado ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 16 kinamgusa anayesambaza habari anazojua ni za uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Watumaji wa ujumbe wanapaswa kukijua. Lakini wewe kiongozi jiulize unataka nini. Jinai humpeleka mtu jela na jina lako hubaki pale lilipokuwa, pengine chini zaidi, kwa sababu kijiji kizima kitasema amefungwa kwa kuuliza. Madai ya kawaida ndiyo yanayoweza kukupa tamko kwamba ulisingiziwa.

La tatu ni kutumia mali ya ofisi. Ugomvi wa jina lako ni wako. Mwanasheria wa halmashauri si wakili wako, gari la halmashauri halipeleki barua zako, na muhuri wa kijiji haugongwi kwenye notisi yako. Halmashauri yenyewe nayo isijifanye imekashifiwa: mwaka 1993, katika shauri la Derbyshire dhidi ya gazeti la Times, mahakama ya juu ya Uingereza ilisema chombo cha serikali ya mitaa hakiwezi kudai kashfa, kwa sababu watu lazima wawe huru kukisema. Hukumu hiyo haitufungi, lakini mahakimu wetu huzisoma za huko kama mwongozo, na hoja yake ina nguvu.

Kabla ya mahakama kuna mkutano mkuu wa kijiji, na hapa maoni yangu ni makali kidogo. Kama mapato na matumizi yamekuwa yakisomwa kila robo mwaka, stakabadhi zipo, leja ya stoo imesainiwa na kamati ya ujenzi, basi tuhuma ya saruji inaweza kufa ndani ya nusu saa. Simama, soma, waache walioteuliwa wahesabu. Na kama hayakuwahi kusomwa, usishangae wakikukisia. Mahakamani nako vitabu hivyo hivyo ndivyo vitakavyokutetea, kwa hiyo mtendaji asiye na leja asifungue kesi ya kashfa kuhusu fedha. Atahojiwa juu yake siku nzima.

Baada ya hapo mwandikie aliyekusema barua. Taja maneno, taja kwa nini si ya kweli, dai ayasahihishe pale pale alipoyasema: kama ni kundi la kijiji, kwenye kundi lile, kama ni mkutano, kwenye mkutano unaofuata. Mpe siku za kutosha. Wengine hupendelea kwenda na wazee wawili watatu jioni, wakakaa, wakaongea, na mambo yakaisha bila karatasi. Ni njia nzuri milimani, ambako aliyekukashifu huenda ni mtoto wa dada yako na mtaonana kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, Jumamosi. Ila mkiafikiana, radhi ile iandikwe mistari michache na itangazwe. Radhi ya sebuleni haimfikii aliyeko Mombasa.

Likiwa ni gazeti au redio, Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, hupokea malalamiko na kusuluhisha. Maudhui ya redio na mitandao yanaweza pia kulalamikiwa kwenye Kamati ya Maudhui ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Njia hizo ni nafuu kuliko mahakama na mara nyingi husahihisha mapema zaidi.

Mahakamani, ziwe zile za Same au Mwanga, au Mahakama Kuu Moshi kwa madai makubwa, unaingia bila cheo. Utaitwa mdai. Mdaiwa atapewa nakala ya hati yako na siku 21 za kuandika utetezi wake. Usinung'unike kwamba anachelewesha, siku hizo ni zake kisheria. Mtapelekwa kwenye usuluhishi kwanza. Nenda kwa moyo, maana hapo unaweza kupata usahihisho ndani ya mwezi badala ya hukumu baada ya miaka. Ukishindikana, shauri litasikilizwa: utahojiwa na yeye, au na wakili wake kama anaye. Asiyeweza kulipa wakili aelekezwe kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017, na kiongozi mwenye busara hafurahii mpinzani wake akisimama peke yake, kwa sababu hukumu iliyotolewa bila upande mmoja kusikilizwa vizuri ndiyo inayotenguliwa kwanza kwenye rufaa.

Viongozi hushinda kesi hizi, isidhaniwe vinginevyo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu Dar es Salaam ilimpa ushindi Bernard Membe, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, dhidi ya Cyprian Musiba na wenzake kwa habari za gazeti la Tanzanite, na fidia ikahesabiwa kwa mabilioni ya shilingi. Nairobi, mwaka 2000, waziri Nicholas Biwott alipewa shilingi milioni 30 za Kenya kwa sababu ya kitabu kilichogusa kifo cha waziri Robert Ouko. Lakini msizisome tarakimu hizo mkaanza kuota. Fidia ya jumla hupangwa na hakimu kwa kutazama ukubwa wa uongo, uenezi wake, na tabia ya pande zote mbili. Kuandika "nadai milioni 500" kwenye hati hakumfungi. Kinachohitaji hesabu na risiti ni hasara mahususi, kwa mfano kandarasi uliyonyimwa kwa sababu ya uvumi.

Haki ya kusikilizwa ina upande wake wa pili, ule wa kiongozi anayehukumiwa na wakubwa wake. Watu wa Same wana mfano wao. Machi 2016 Anne Kilango Malecela, aliyekuwa mbunge wa Same Mashariki kwa miaka 10, aliteuliwa mkuu wa mkoa wa Shinyanga. Alitoa taarifa kwamba mkoa hauna watumishi hewa. Tarehe 11 Aprili, kabla mwezi haujaisha tangu uteuzi, Rais Magufuli alitengua uteuzi wake na kutangaza kwamba uchunguzi umewakuta 45. Nafasi ile ni ya uteuzi wa Rais, na sheria haikumlazimu kumwita ajieleze. Mwaka uliofuata Rais huyo huyo alimteua kuwa mbunge, na 2020 wapiga kura wa Same Mashariki wakamrudisha wenyewe. Wengi wanaotumbuliwa hawana jina kubwa la kurudi nalo.

Mtumishi wa umma wa kawaida hayuko kwenye hali ile. Hata kama waziri kasimama jukwaani Makanya akasema "huyu kuanzia leo sio mtumishi", taratibu za utumishi wa umma zinataka hati ya mashtaka ya maandishi, muda wa kujibu, uchunguzi, na uamuzi wenye sababu, na baada yake rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Ukipatwa na hilo, usijibizane jukwaani. Kesho yake andika barua uombe mashtaka kwa maandishi, tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na endelea kuripoti kazini mpaka upewe barua.

Na wewe uliyeutuma ujumbe wa saa mbili usiku? Ulikuwa na njia zilizo salama zaidi. Taarifa kwa taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, iwe ofisini au kwa namba 113 isiyolipiwa, hulindwa na sheria ya watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015 kama umeitoa kwa nia njema. Swali ulilouliza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya wenye haki ya kujua, lina kinga, ilimradi hukulibuni kwa chuki. Uliza kama swali: "Mifuko 20 iliyoingia Machi imetumika wapi?" Hilo halimwiti mtu mwizi, na linamlazimu kufungua leja. Ukishapelekwa mahakamani usikae nyumbani ukidharau wito. Ndivyo watu wanavyoshindwa kesi ambazo wangeshinda. Jibu ndani ya muda, na kama ulikosea, omba radhi mapema kabla hakimu hajakuona mkaidi.

Mdai aliyeshinda bado ana kazi ya kukaza hukumu, na hapo ndipo wengi hugutuka. Mdaiwa ana pikipiki ya mkopo, shamba la ukoo lenye migomba na mbuzi wanne. Ukimpeleka dalali wa mahakama kwake kwa ajili ya milioni 20, utatoka na kidogo sana na uadui wa koo mbili. Kwa hiyo tangu siku ya kuandika hati ya madai, weka juu kabisa ombi la usahihisho na radhi ya hadharani, pamoja na amri ya kumzuia asirudie, na fidia iwekwe chini yake kwa kiasi ambacho mtu huyo anaweza kulipa kwa awamu. Mwambie wakili wako hivyo waziwazi, kwa sababu asipoambiwa ataanza na fedha.